Usilehemu shingo ya kijiko

Mujukuu wangu Furaha,

Huku Majengo tuko wazima. Mama yako amepona, na mudogo wako ameanza sekondari.

Kijiko chako cha fedha kimepasuka shingoni, na unauliza kama ulehemu tu. Papa yangu alikuwa mufua fedha. Aliyeyusha fedha, akaimimina ikawa fimbo moja. Ncha moja aliipanua kwa nyundo, akaigonga ndani ya shimo la gogo mupaka ikabonyea, ikawa kichwa cha kijiko. Nyingine ikabaki mukono. Fedha ikifuliwa sana inakuwa ngumu, lazima irudi motoni ilainike.

Kijiko cha ndoa yangu alikifua kwa haraka, kikapasuka palepale shingoni. Papa akachukua vifaa vya kulehemu.

Nikamwambia, "Hapana, Papa. Tuyeyushe, tuanze upya."

"Binti, harusi ni kesho!"

"Basi wageni watangoja."

Alinitazama, akanipa mivukuto nipulize moto. Wageni walingoja kweli, na shangazi zangu walinung'unika mupaka jioni.

Kijiko chenyewe ndicho hiki ninachokutumia. Wewe ulikitumia kula uji wako wa kwanza. Pitisha kidole shingoni, utafute alama ya ufa. Ukiikosa, washa moto.

Koko yako