BIOS Iliyofichwa kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Plasta ya mume wangu ina wiki moja tu, na nimechoka kama aliyevunjika mguu ni mimi. Chai haina sukari, mto uko chini, pazia liko wazi mno — lo! Leo nimemwekea kwenye laptop programu ya kuchezea gemu za zamani. CD yake ya mbio za magari bado anayo. Tukabonyeza. Ikagoma. Eti faili la BIOS halipo. Akanitazama kana kwamba nimelila mimi.

Jumanne, 4 Machi
Nimepakua BIOS mtandaoni. Nilidhani ni BIOS! Laptop imejaa matangazo ya dawa za upara, hayafungiki. Nimekimbilia kwa fundi wa kompyuta, kacheka mpaka kavua miwani. Kayaondoa matangazo, kasema hilo faili ndilo linaloiamsha mashine ya gemu kabla ya gemu kuanza. Nisiokoteokote. Nilete mashine yetu wenyewe, ile CD ilikochezewa zamani, atalitoa humo.
Mashine yetu! Mume wangu kainamisha kichwa. Mama yake alimnyang'anya alipofeli hesabu shuleni.
"Na hukuidai mpaka leo?"
"Nimdai Mama?!"
Haya. Nitakwenda mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda. Miguu mizito! Mimi na mama mkwe, tangu harusi, ni salamu, hali ya hewa, kwaheri. Nikajikaza nikaitaja mashine. Akaingia chumbani. Nikajua nimeyakoroga.
Akarudi nayo, imeviringishwa kwenye taulo. Haina hata chembe ya vumbi. Padi yake ya kuchezea, alama zote kwenye vitufe zimefutika. Nikaitazama, nikamtazama.
"Baba yenu akienda kazini," akasema taratibu, "nilikuwa najaribu kidogo."
Kidogo!
Sasa inawaka ila haisomi CD, na aliona haya kuipeleka kwa fundi. Angesema ni ya nani? Tumecheka mpaka tukashikana mabega. Kaniapisha nisimwambie mwanawe.

Jumamosi, 8 Machi
Fundi kafaulu! Kasema macho ya mashine yamekufa, roho ipo. Kaihamisha BIOS kwa flashi hadi kwenye laptop. Mlio wa kuanza uliposikika, mume wangu karibu aruke na plasta yake.
Saa nne mama mkwe huyo mlangoni. Amekuja kumwona mgonjwa. Kamwona — sekunde chache. Halafu: "Hiki nacho ni nini? Hebu nijaribu." Nikauma mdomo.
Kamshinda mwanawe. Kamshinda tena. Hata njia ya mkato ndani ya handaki anaijua!
"Mama, hiyo umeijuaje?"
"Bahati tu, mwanangu."
Sasa kampigia simu baba mkwe, apashe kiporo ale, mgonjwa bado hali yake si nzuri. Mume wangu ananinong'oneza nimuulize mama anaondoka lini. Nimemwambia amuulize mwenyewe, si mama yake? Mimi nimekabidhiwa padi ya pili, taa nyekundu za kuanzia mbio zimeshawaka, na mama mkwe anasema niache kuandika kwa sababu—