Kiatu Kimoja, Pande Mbili

Akiru mjukuu wangu, ejok, hujambo? Huku Kakuma tuko wazima. Nyanya yako anakohoa kidogo tu, na yule mbuzi wako mweusi amezaa mapacha.

Umeniuliza kama wewe ni mwoga. Daktari huko Lodwar alikuambia wengi hupona baada ya upasuaji huo, ukakubali. Kesho yake nesi akakuambia wachache hawaamki, ukakataa.

Mimi pia nilifanya hivyo. Kiangazi kimoja, nikiwa kijana, tulibaki na mbuzi tisa. Asubuhi baba akaniambia, "Tukikaa hapa kisimani, watatu watapona. Tukihama, labda watapona wote, labda watakufa wote." Nikasema tukae. Jioni akaniuliza tena, "Tukikaa, sita watakufa. Tukihama, labda wote, labda hakuna." Nikaruka, "Tuhame!"

Baba akavua kiatu chake cha ngozi. Nilidhani atakirusha, kama waaguzi wetu wanavyorusha viatu kutazama yajayo. Hakukirusha. Alinionyesha juu, akakigeuza, akanionyesha chini.

"Hivi ni viatu vingapi?"

"Kimoja."

"Haya, sasa chagua."

Nikakichukua, nikakigeuza mwenyewe pande zote mbili kabla ya kuchagua.

Wewe si mwoga, mama. Ulionyeshwa upande mmoja, kisha mwingine. Jumatatu nakuja Lodwar, nikae kando ya kitanda chako. Sitakushawishi. Nitakuuliza mara moja tu, pande zote mbili pamoja, na jibu lako, liwe lolote, nitampelekea daktari mimi mwenyewe.

Ni mimi babu yako, viatu viko tayari miguuni.