Jani la Isale Kutoka Singida

Dada yangu Felista,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini Mama hakutulea kuanza maneno bila salamu.

Unakumbuka asubuhi ile ulipotoka Kilema na baiskeli, umevaa suruali ya mitumba, kijiji kizima kikichungulia migombani? Baba alisimama mlangoni. "Mwanamke anayesafiri peke yake anatafuta nini?" Ukamjibu, "Natafuta Kigoma, Baba. Nikishaliona ziwa nitarudi." Akasema ukitoka usikanyage tena kihamba chake, shamba hili la migomba alilorithi. Ulicheka, ukanifinya shavu, ukateremka kuelekea Moshi. Nikabaki na ng'ombe wawili na mzigo wa majani tuliozoea kuubeba kwa zamu. Nilikuonea wivu, Dada. Nilikuchukia pia.

Barua zako nilimsomea Mama jikoni. Babati ulilala kwa mjane aliyekupikia ugali wa mtama. Mbele ya hapo ulisukuma baiskeli kutwa nzima kwa upepo, na hukulalamika. Uliandika kwamba mwenye haraka haoni kitu.

Kisha ikaja ya Singida. Ndani yake mlikuwa na jani la isale, limekauka, umelifunga fundo. "Mpe Baba. Nasubiri jibu hapa kwa masista." Nani kwetu asiyejua? Aliyepelekewa isale hawezi kukataa kusamehe. Baba angekusamehe siku hiyohiyo. Ndiyo maana nililificha ndani ya kitabu cha sala. Nilitaka uteseke kidogo tu, majuma mawili matatu.

Ulisubiri mpaka mvua zikaanza, ukakata tamaa, ukaendelea. Malaria ikakukuta kabla ya Tabora. Wakakuzika hukohuko, mbali na migomba yetu, na baiskeli ikaletwa na lori.

Miaka sita nimenyamaza. Jumapili iliyopita nilimpa Baba lile jani. Aliligeuzageuza mkononi.

"Ulijua maana yake?"

"Nilijua, Baba."

Akaenda mpakani mwa kihamba, akakata isale bichi, akaniwekea magotini. "Mimi siye wa kukusamehe. Mpelekee mwenyewe."

Kesho natoka na baiskeli yako, peke yangu. Kuendesha sijui vizuri. Kwenye milima nitasukuma. Naogopa, Dada. Isale hili litafika kwako limekauka kama lile lako, na huko hakuna wa kulipokea.

Mdogo wako,
niliyelificha