Chumvi ya Bahari ya Shamu na Nyama ya Mjomba

Jumatatu, 8 Julai 1946. Kitale.

Maziwa tena. Nimezungusha mashine ya malai tangu alfajiri mpaka mkono umesahau kama ni wangu. Malai huku, maziwa kule. Shamba lote hili hakuna wa kunishinda. Hata mzungu anajua, ni vile tu hasemi.

Mwezi ujao naenda kwenye kisu, kutahiriwa. Wa rika langu wote wanaenda. Njuga za kualikia watu ninazo tayari, nazipiga mpaka ng'ombe wanakataa kukamuliwa. Sitapepesa jicho. Wataona.

Jumapili, 14 Julai. Bumula.

Siku mbaya.

Tulikwenda na kaka Simiyu, aliyerudi vitani, kwa mjomba Makokha, ndugu wa mama, kumwambia tarehe. Ni yeye atachinja ng'ombe na kunivisha shingoni kidari, nyama ya kifua chake. Bila nyama ya mjomba hakuna kisu. Hiyo hata mbuzi wanajua.

Tuliwakuta wazee kwenye pombe, mirija mirefu ndani ya chungu kimoja. Wakamwuliza Simiyu habari za vita. Kaka hapendi hizo, akawapa habari za maji. Meli yao ilipita Bahari ya Shamu, ile ya Musa na Farao. Ati imefungwa na nchi kavu pande zote, ina mlango mwembamba tu. Mito haiingii. Jua linaichoma, mvuke unapanda, chumvi inabaki. Maji yanakuwa mazito. Basi yanatoka mlangoni kwa chini, mepesi ya nje yakiingia kwa juu, njia moja wasafiri wawili. Huko nje yanateremka kwenye bahari kuu, lakini hayafiki sakafuni. Yakiteremka yanachanganyika kidogo, yanapungua uzito, na chini kabisa kuna maji baridi yaliyo mazito kuyashinda. Yanakaa katikati, na maji ya uzito sawa nayo, na hapo yanatandaa mbali sana. Baharia mmoja aliteremsha chupa kwa kamba mpaka hapo katikati, Simiyu akayaonja mwenyewe hayo maji ya chumvi.

Mjomba alicheka mpaka mrija ukamtoka. "Mto Kuywa ukiingia mto Nzoia, nani ameona mito miwili? Maji yakikutana ni maji. Vita imekuharibu kichwa, mwana wa dada."

Wote wakacheka. Simiyu akatazama chini. Mimi sikuweza kuvumilia.

"Mjomba, bahari uliyoona wewe ni hicho chungu tu."

Mjomba akaokota mrija wake. Kisha mjomba, polepole: "Huyu akae bila nyama yangu. Atarudi akijifunza mdomo ni wa kulia ugali."

Kurudi ni miaka miwili. Kisu hakiji kila mwaka.

Jumanne, 16 Julai. Kitale.

Barasa anayekamua karibu na mimi amepata kidari chake, ameahidiwa. Barasa! Anaogopa bata. Yeye atakuwa mtu, mimi nitabaki kuitwa mtoto na ndevu zangu hizi tatu.

Simiyu amerudi kazini kwake. Njia nzima alinipa mgongo. Ningemtetea kwa adabu labda angenigeukia.

Nina hasira. Zaidi na mimi mwenyewe.

Jumamosi, 20 Julai.

Nimewaza nikizungusha mashine. Malai na maziwa vinakaa chombo kimoja na havigombani. Kwa nini maji na maji yashindwe?

Mwenye duka mjini amenipa gudulia la kioo la peremende, limepasuka mdomo. Nilimchekesha mpaka akachoka. Nikatia maji, nikamwaga maji ya chumvi. Sikuona kitu. Maji meupe ndani ya maji meupe. Barasa akauliza kama nasubiri samaki.

Jumatano, 24 Julai.

Munyu! Ule wa mama, maji ya majivu ya kupikia mboga. Una rangi ya chai.

Nimechoma maganda ya maharagwe, nikachuja majivu kwenye chungu chenye matundu. Kazi ya wanawake, wenzangu wamekufa kwa kicheko. Wacheke. Nikamwaga munyu kwa kishindo. Vyote vikawa matope.

Bahari haimwagwi kama maji ya kunawa.

Jumapili, 28 Julai.

Imekubali. Kwanza chumvi kali ya duka, ikae chini. Juu yake maji matamu, nikiyaangusha kwenye kipande cha jani la mgomba yasishtuke. Halafu munyu mwepesi, polepole kwa mrija, ukutani mwa gudulia. Ukashuka. Ukafika kwenye chumvi kali, ukakataa kwenda zaidi. Ukajinyoosha kama mkanda.

Nilikaa nikitazama. Sikuwa na la kujisifu, ajabu.

Jumatano, 7 Agosti. Bumula.

Mama alitangulia na jogoo na maneno matamu. Mjomba akakubali kunisikiliza, kunisikiliza tu. Simiyu nilimwomba, akaja, akabaki langoni.

Nilianza na magoti. Nikasema nilimvunjia heshima mbele ya wazee, na mbele yao naomba anisamehe. Hiyo ilikuwa ngumu kuliko kisu, na kisu bado sijakiona. Ndipo nikatengeneza bahari yangu pale pale. Mkanda wa chai ukatandaa katikati.

"Rangi si ladha," akasema mjomba. Akachukua mrija wake wa pombe.

Akavuta juu. Maji. Akashusha mrija mpaka katikati, akavuta. Akalamba midomo. "Munyu." Akashusha mpaka chini, akavuta, akatema mpaka kwenye kuku. Wazee wakaangua kicheko. Kila mmoja akataka kuonja.

Mjomba hakucheka. Aliufuta mrija kwa kiganja.

"Aliyeonja hajakosea. Mwite kaka yako aje akae." Simiyu alipokaa, akampa mrija wake mwenyewe.

Kisha kwangu: "Wewe bado una mdomo mbaya. Ng'ombe yuko zizini. Kesho."

Alhamisi, 8 Agosti.

Kidari kiko shingoni, kizito, mafuta yananitiririka kifuani. Mjomba alinipiga kofi nacho kwanza. Nilistahili. Kesho alfajiri, mtoni, kisha kisu.

Jumapili, 18 Agosti.

Tumelala kwenye nyumba ya tuliokatwa. Sikupepesa jicho. Barasa naye hakupepesa, naandika kwa sababu ni kweli.

Simiyu alituletea uji. Anasema mjomba amelificha gudulia ghalani na anaonja kila asubuhi. Mkanda unapanuka, kingo zinafifia, lakini katikati bado munyu. Jana alimwuliza Simiyu je, baharini mkanda hufifia baada ya safari ndefu kiasi gani. Kaka akajibu hajui. Wakakaa wote wawili wakitazama.

Mvua inapiga nyasi za paa. Barasa anakoroma. Nafikiria yale maji ya Shamu, sasa hivi, gizani, yakienda bila haraka na wenzake.

Kidonda hakiumi sana. Kinauma.