Mstari wa Chaki Kwenye Mikono ya Mkulima

Jumapili, Hamugembe, Bukoba mjini. Mvua ilianza kabla ya misa na mpaka sasa, saa tisa alasiri, haijakata. Ziwa halionekani kabisa. Nimefunga mlango, nimekaa mezani na hasira zangu, na sitaki mgeni.

Naandika humu kwa sababu nikimsimulia mtu nitajipamba. Humu sijipambi.

Nianze na yule afisa. Simtaji jina. Kutaja jina ni heshima, na leo sina heshima ya kugawa. Aliletwa wilayani kusimamia mambo ya utamaduni baada ya kozi ya miezi michache, na huko kwenye kozi akapewa kijitabu chembamba cha kanuni za uchoraji na uchongaji. Amesoma kurasa nne za mwanzo. Najua ni nne, kwani zilizobaki bado zimeshikana kingo. Mchapaji hakuzikata, na yeye hakuona haja ya kutafuta kisu.

Kurasa nne zimetosha kuharibu kazi ya miezi mitano.

Kijiji chenyewe ni kipya, kule Muleba, juu kwenye rweya, yale majani matupu ambako wazee wetu walipeleka ng'ombe tu. Watu wametolewa kwenye vibanja vya migomba wakapangwa huko kwa kamba. Ukisimama barabarani unaona mlango, dirisha, mlango, dirisha, mpaka macho yachoke. Afisa anauita huo "mdundo". Kijitabu kinasema kitu kikirudiwa huleta mdundo, na hapo kijitabu hakikosei. Lakini mtu anayepiga pigo moja asubuhi mpaka jioni bila kulibadili, kwetu hatumwiti mpiga ngoma. Tunamnyang'anya ngoma.

Sikumwambia hivyo. Nayasema haya hapa, mahali asipoweza kunisikia. Ujasiri wangu wote uko kwenye daftari.

Ukumbi wa kijiji hicho utafunguliwa mwezi ujao na mgeni mkubwa kutoka Dar es Salaam. Mimi, kwa kuwa nafundisha sanaa shuleni hapa mjini, niliombwa kuchora ukuta wa mbele. Sanamu ya mkulima ya kusimama mlangoni alipewa Ta Sospeter, mzee wa huko huko Muleba aliyezoea kuchonga ngoma na vyombo vya maziwa, na siku nyingine watakatifu wa misheni. Hajui kuandika hata jina lake.

Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa na mwanamke mmoja mbele, mkubwa, ameinamia udongo mwekundu, na wenzake wakipungua nyuma yake kupanda mlima, wadogo, wadogo zaidi, mpaka wanapotelea kwenye kijani cha migomba. Afisa aliushika kwa ncha za vidole.

"Ndugu Mwalimu, huyu mbona mkubwa kuliko wenzake? Katika ujamaa hakuna mkubwa."

"Yeye yuko karibu nasi. Wale wako mbali."

"Basi wasogeze wote wawe karibu."

Nikawasogeza.

Sasa ni watu tisa waliosimama mstari mmoja, kimo kimoja, majembe tisa yenye urefu mmoja, na jua katikati kabisa kama kitovu. Watano nimeshawamaliza. Wanafanana na chupa kwenye rafu ya duka. Jicho linaingia kushoto na kutokea kulia bila kupata pa kukaa.

Nilijiambia ni ukuta tu. Ukweli ni kwamba nilipenda kuitwa mtaalamu mbele za watu. Nilipenda pia kukaa kiti cha mbele cha Landrova.

Jumatano tulikwenda kukagua sanamu.

Ta Sospeter aliivua gunia lililoifunika na mimi nikasahau kuvuta pumzi. Ni mama wa makamo, gogo zima la mvule, amesimama mguu mmoja mbele, kiuno kimebaki nyuma kidogo, ameegemea jembe lililosimamishwa chini. Miguu miwili na bapa la jembe, pembe tatu, imara kama mafiga. Upande wa kulia ulikuwa mzito na wa kushoto mwepesi, lakini hakuna aliyehisi kwamba itaanguka. Kati ya mkono na kiuno mzee alikuwa ameacha uwazi, mwanga unapita, na uwazi huo ndio ulioifanya ionekane inapumua. Uso aliulainisha, nywele akaziacha na alama za patasi, mbaya mbaya, ili ulaini wa uso uonekane.

Na mikono. Mikono ilikuwa mikubwa. Vifundo vimevimba, vidole vimekunjika juu ya mpini kana kwamba haviwezi tena kunyooka. Popote ulipoanzia kutazama, uliishia hapo. Mistari ya shingo, ya bega, ya kanga, yote ilikupeleka kwenye ile mikono.

Ta Sospeter alinisogelea, akaniambia kwa Kihaya, polepole, "Ni mama yangu. Baba alikwenda Buganda kwa kibarua na hakurudi. Kibanja kizima kilikula kwenye mikono hiyo."

Wakati huo afisa alikuwa ametoa tepu. Anapima. Anapima uso, anapima kiganja, anafungua kijitabu.

"Kiganja kinatakiwa kulingana na uso, kidevu mpaka penye nywele. Hiki kimezidi nusu nzima. Uwiano haupo. Tena pande mbili si sawa, mizani haipo. Na kwa nini anaegemea jembe? Mkulima wetu anachoka?"

Mwenyekiti wa kijiji alicheka kidogo, kisha akaangalia kama afisa naye anacheka.

Mizani! Mtu huyu amepita mara ngapi kwenye ghala la kahawa na kuona kipande cha chuma kisichozidi ngumi kikilishika gunia zima, kwa sababu tu kimesogezwa mbali kwenye mkono wa mizani? Kila mkulima wa kahawa hapa anajua kwamba kulingana si kufanana. Watoto wanaojitwisha mtungi wanajua. Afisa wa utamaduni hajui, na ndiye anayetufundisha.

Nilikuwa na maneno yote hayo mdomoni.

Akanigeukia. "Mtaalamu wetu yupo. Mwalimu, unasemaje?"

Kamati ya kijiji ilikuwa inanitazama. Ta Sospeter naye alikuwa ananitazama, na hakuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa ametulia kabisa, kama mtu ambaye shahidi wake amefika.

Nikasema, "Inaweza kupunguzwa kidogo."

Maneno matatu.

Mzee hakubishana. Aliinama akachukua tezo. "Kidogo kiasi gani, Mwalimu? Nionyeshe."

Mimi hutembea na chaki mkobani. Nikaitoa. Nikachora mstari kwenye vidole vinne, kisha dole gumba, kisha mgongo wa kiganja, mkono wa kwanza na wa pili. Mstari wangu ulikuwa safi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilichora vizuri.

Akakata.

Kila kipande kilipodondoka, yule mama aliulegeza mpini. Kwanza alikuwa amelishika jembe, halafu analigusa, halafu yuko kama mgeni aliyepewa kikombe asichokijua. Na kwa kuwa mpini na vidole vilikuwa mti mmoja, nyama ya mti ilipokwisha mpini ukapasuka. Jembe likalala upande. Mama yake Ta Sospeter akabaki na miguu miwili na uzito wote mbele, akainama, akaanguka kifudifudi miguuni pa afisa.

Afisa aliruka nyuma. Kisha akasema, "Mbao mbovu."

Mvule! Mbao mbovu!

Sanamu ikabebwa ghalani, ikalazwa kando ya magunia ya mbolea. Iliamuliwa mahali pake papandwe mlingoti wa bendera, maana mlingoti umenyooka na pande zake zote ni sawa. Ta Sospeter aliokota vipande vya vidole kimoja kimoja, akavifunga kwenye shati lake, akaondoka kwa mguu bila kumuaga mtu.

Tukarudi Bukoba. Njiani afisa alitaka tupite Kemondo kula samaki. Alikula huku akinieleza jinsi wananchi wasivyopenda kusahihishwa.

Nami nilikula. Nilimaliza sahani.

Alhamisi na Ijumaa nilifundisha. Ijumaa somo lilikuwa uwiano, na msichana mmoja aliniuliza kwa nini kwenye picha niliyobandika ukutani mfalme ni mkubwa kuliko farasi. Nikamjibu kwamba mchoraji alitaka tujue nani wa kumtazama kwanza. Jibu zuri, la moja kwa moja, bila kusita. Darasani mimi ni simba.

Jana nikapanda lori la kahawa mpaka Muleba.

Nyumba ya Ta Sospeter ni ya saba kwenye mstari, niliitambua kwa vipande vya mti vilivyotapakaa mlangoni. Mke wake, Ma Anastazia, alikuwa anamenya ndizi. Nilipiga magoti kumwamkia. Aliitikia, lakini hakuniletea kahawa ya kutafuna. Nimekulia mkoa huu, najua maana ya mgeni kutopewa kahawa. Nilikaa pale kwenye mkeka mtupu nikaona nimestahili.

Mzee alitoka nyuma ya nyumba. "Mwalimu. Umekuja kutazama nini? Imelala ghalani."

"Nimekuja kuomba radhi, waitu, mzee wangu."

"Tezo ilikuwa mkononi mwangu," akasema. "Wewe ulishika chaki tu. Sote wawili tulimwogopa mtu mwenye kalamu mfukoni. Sasa hiyo radhi nitaiweka wapi?"

Yeye ndiye aliyeendelea.

"Unaikumbuka ile mikono?"

"Naikumbuka."

"Mimi nimeipoteza. Miezi mitano niliitazama kwa karibu mno, kidole kimoja kimoja. Nikifumba macho sasa naona ile iliyokatwa tu. Wewe uliiona kwa mbali, yote kwa pamoja. Nichoree."

Alinipa karatasi ya mfuko wa saruji na kipande cha mkaa. Nilidhani nitababaika. Sikubabaika. Kidole cha shahada kilichopinda kwenda nje, kikatoka. Dole gumba lililolala juu ya kidole kingine, likatoka. Kifundo kilichovimba, kovu la panga kwenye mgongo wa kiganja cha kushoto, uwazi ule karibu na kiuno, mzigo wote ulivyoshuka kupitia mpini mpaka kwenye udongo. Vyote vilikuwemo kichwani mwangu. Sikukosea hata mstari.

Ma Anastazia aliacha ndizi, akaja kusimama nyuma yangu na kisu mkononi.

"Ni mama mkwe," akasema. "Hivyo ndivyo alivyonishika siku nilipoolewa."

Mzee alikunja karatasi akaingia nayo ndani. Hakusema ahsante, wala sikuitarajia. Alisema tu kwamba ana gogo la mfenesi, akimaliza palizi ataanza upya, na safari hii haitasimama kwenye ukumbi wa mtu yeyote. Itasimama kwake.

Nilirudi juu ya magunia, nimelowa, na njia nzima nilikuwa natafuta namna ya kumchukia afisa zaidi. Sikufanikiwa. Kila nilipomfikia nilikuta mtu mwingine amekaa mbele yake.

Afisa ni mjinga. Alitazama mikono ile akaona sentimeta. Mjinga ana udhuru wake. Mimi niliitazama dakika chache nikaihifadhi yote, mpaka kovu, na papo hapo nikatoa chaki. Niliona kila kitu, na nikasema kidogo.

Ni dharau gani basi niliyobakiza kwa ajili ya kurasa zilizoshikana?

Nimeandika barua kwa kamati. Iko hapa mezani, ni nusu ukurasa. Nimesema mti ulikuwa mzima. Nimesema mikono ilikuwa sahihi, mstari wa chaki ulikuwa wangu, na nilijua ninachofanya. Nimesema pia kwamba wale watu wanne waliobaki ukutani sitawachora, na kwamba Jumanne nakwenda na ndoo ya chokaa kuwafuta hawa watano. Wakiniruhusu nitaanza tena na yule mwanamke mmoja, mkubwa, aliye karibu. Wasiponiruhusu, ukuta ubaki mweupe. Mweupe una heshima kuliko chupa.

Mwalimu mwenzangu aliyepita hapa kuazima mwavuli ameisoma. Amesema nitahamishiwa kule mbali Biharamulo kabla ya mwisho wa muhula.

Inawezekana. Nimefunga bahasha, na asubuhi naipeleka mwenyewe kwa mguu mpaka kwenye lori la Muleba.

Biharamulo nako kuna kuta.