Sharti la Onyesho la Pili

Jumanne, 6 Agosti 1996
Barua ya chuo imefika. Wiki tano njiani! Nimeisoma nimesimama hapo hapo posta. Masharti ya udaktari wangu wa muziki yamebadilishwa. Tasnifu — nimemaliza. Onyesho la kwanza — nilifanya mwaka jana, huko huko chuoni, Ulaya. Sasa la pili lifanyike hapa Shinyanga, hadharani, na mwalimu aliyenifundisha ndono apige pamoja nami. Mtahini anakuja. Tarehe kumi na sita!

Mwalimu wangu ni Bibi Mageni wa Didia. Ndono, ule upinde wa uzi mmoja wenye kibuyu, kwao hupigwa na wanaume. Yeye hupigia jikoni, mlango umefungwa.

Ijumaa, 9 Agosti
Nimetoka Didia.

Mlango wa Bibi umevunjwa. Kuku hakuna hata mmoja. Nimemkuta kwa katekista, Mzee Bartholomeo, amejificha kwenye stoo ya pamba.

Shikamoo, Bibi. Marahaba, mwanangu.

Bartholomeo ndiye aliyenieleza. Davis, kijana wa jirani, alifukiwa akafa kwenye duara, shimo la dhahabu, huko Geita Jumapili. Wachimbaji wenzake wawili waliotoka hai wanasema mle shimoni walikuwa wanasikiliza kanda ya Bibi akipiga ndono. Eti wimbo umevuta udongo! Mwanamke anayepiga ndono, na macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni — watu hawakuhitaji ushahidi mwingine wa uchawi.

Kanda niliirekodi mimi. Davis aliniomba nakala mwezi wa sita. Nikampa, tena kwa furaha.

Mungu wangu.

Jumamosi, 10 Agosti
Bibi yuko kwangu mjini. Tumemtoa na pikapu ya kukodi, amelala chini ya magunia. Hakulia. Nimelia mimi.

Alhamisi, 15 Agosti
Mtahini amefika. Nimemweleza yote. Akavua miwani, akasema amesikitika sana. Halafu — sikuamini masikio yangu! — akauliza kama Bibi ataweza kukaa upande wa kulia wa jukwaa, kwa ajili ya kamera. Bila mwalimu, anasema, sharti halitimii. Yeye hana mamlaka ya kulibadilisha.

Miaka sita ya masomo! Nimeondoka bila kuaga. Naacha. Siwezi kumuuza bibi wa watu kwa cheti.

Ijumaa, 16 Agosti
Asubuhi nilimwambia Bibi nimefuta onyesho. Akanitazama kama nimemtukana.

“Umefuta kwa ruhusa ya nani? Nimelala kwenye pamba kama panya. Na wewe unataka nijifiche mpaka nife?”

Akaomba khanga safi. Nikaenda kumwambia mtahini onyesho lipo.

Saa tisa. Tumo chumba cha nyuma cha ukumbi. Bartholomeo kaja mbio na pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Lori limetoka Didia, limejaa watu. Mama yake Davis kakaa mbele na dereva. Wanakuja kusikiliza, au — hajui.

Nimemwambia Bibi. Tukimbie, mlango wa nyuma uko wazi. Anakaza uzi wa ndono.

“Mama Davis yumo?”

Yumo, Bibi.

“Basi tuanze na ule wimbo wa msiba. Ni wa mwanawe.”

Nje lori linazima injini.