Shilingi Kando ya Nyonga

Jumatatu, 7 Machi 1994
Picha kumi na moja leo. Vifua tisa, mkono, taya. Geuza mtu, vuta pumzi, usipumue, haya pumua. Filamu, dawa, kamba ya kukaushia. Chai ya saa nne imepoa mezani. Sikujali. Tangu mke wangu Atieno afariki Novemba, sijali mengi.

Jumanne, 8 Machi
Wamemleta mama yake Atieno kutoka Kisegi. Ameteleza akitoka kuchota maji. Paja la kushoto limevunjika pale juu, chini tu ya kichwa cha mfupa. Ndiye anayemlea Akoth, binti yetu.

Daktari wa mifupa anakuja Ijumaa kutoka Kisumu. Atatoa kichwa kilichovunjika, aweke gololi ya chuma. Atabeba saizi moja tu, ile nitakayomtajia mimi baada ya kupima nyonga ya kulia, iliyo nzima, kwenye picha. Hapa Homa Bay mpiga eksirei ni mimi peke yangu.

Na kwetu Wajaluo mkwe hamgusi mama wa mkewe. Hata macho hayakutani. Tulipomzika Atieno kwetu Migori, yeye alisimama huku, mimi kule.

Jumatano, 9 Machi
Nimempiga picha. Vibaya.

Picha hukuza mfupa. Kwa hiyo huwa naweka shilingi kando ya nyonga, usawa wa mfupa wenyewe. Upana wa shilingi naujua, hesabu inatoka hapo. Lakini usawa huo haupatikani mpaka upapase paja kwa vidole. Nikampa Sista Robi shilingi, nikageukia ukuta. Nikamwambia aiweke kando.

Kichwa cha mfupa kimetoka milimita 49. Nimepiga simu Kisumu. Wameandika.

Alhamisi, 10 Machi
Asubuhi nimeitundika picha tena kwenye taa. 49 ni mfupa wa mwanamume mrefu. Yeye hafiki begani kwangu.

Nikamuuliza Robi aliiweka wapi. "Juu ya meza. Si ulisema kando?" Robi ni Mkuria, hakuelewa kwa nini nilitazama ukuta. Shilingi ilikuwa chini karibu na filamu, haikukuzwa kama mfupa ulio juu. Hesabu yote bure. Gololi kubwa haingii kwenye kikombe cha nyonga. Angepasuliwa, ashonwe, arudi kulala. Wazee wanaolala hivyo hupata nimonia, nawapiga picha za kifua baadaye. Najua wanakoishia. Kosa ni langu. Naona aibu. Huzuni sina, aibu tu.

Mama mkwe akarudishwa mezani. Nimesimama mlangoni kama mgeni. Mwisho amejifunika leso usoni, akazungumza na Robi: "Ambia yeye apime. Mimi sioni mtu."

Nimepapasa. Ngozi ya moto, mfupa karibu sana. Umechomoza kama wa Atieno. Vidole vilijua mahali kabla yangu. Sikuhisi kitu. Nikainua shilingi kwa vipande vya sponji mpaka usawa, nikapiga.

45.

Simu ya Kisumu haikushika mpaka saa tisa. Nimesema nilikosea, nimesema na sababu. Daktari akaandika 45. "Afadhali umesema," akasema.

Ijumaa, 11 Machi
Wamempasua asubuhi. Mimi vifua sita na kifundo cha mguu. Saa saba Robi amekuja: kichwa cha zamani wamekipima mkononi, 45, gololi imeingia. Nikasema sawa. Nikaendelea kuanika filamu.

Jumatano, 16 Machi
Leo mama mkwe amesimama na fremu ya kutembelea. Hatua nne, akapumzika, nyingine mbili. Nilikuwa nyuma ya pazia la wodi. Robi akamwambia niko pale. Hakugeuka. Akauliza, kwa sauti ya kunifikia: "Huyo mtu wa picha, amekula?"

Nikajibu mwenyewe. Bado.

Tangu Novemba hakuna aliyeniuliza. Nimeenda kantini nikaagiza ugali na omena. Nimemaliza sahani.